Kutembea Njia ya Santiago na kulala kwa wenyeji wake: maswali mnayoniuliza kila mara

Tangu nirudi kutoka Hispania simu yangu haijapumzika. Shangazi yangu wa Tanga anauliza kama nilikuwa na mlinzi. Wenzangu wa kwaya wanauliza nauli. Kijana mmoja wa mtaani anataka kujua kama kweli kuna watu wanaokulaza na kukulisha bila kukuandikia bili. Nimechoka kujibu mmojammoja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo majibu nayaweka hapa. Njia hii nimeitembea mara mbili kama mgeni, na mara ya tatu nilikwenda kukaa upande wa pili wa meza, nikiwapokea wengine. Ninayosema yanatoka pande zote mbili.

Njia yenyewe ni ipi?

Ni mtandao wa njia za miguu unaoishia Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, kwenye kanisa kuu ambako Wakatoliki wanaamini Mtume Yakobo amezikwa. Watu wametembea huko tangu zama za kati. Njia inayopitwa na wengi zaidi ni ile inayoitwa ya Kifaransa. Inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pirenei, na ina kama kilomita 780. Ukitembea bila kujikimbiza utatumia wiki tano.

Kupotea ni kazi kubwa, ingawa mimi niliiweza, kama mtakavyoona. Mishale ya njano imechorwa kwenye kuta, mawe, nguzo za umeme, hata mapipa ya taka. Aliyeianzisha ni padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, aliyezunguka na rangi yake miaka ya 1980, wakati njia ilikuwa imekaribia kusahaulika. Mwaka 2024 ofisi ya mahujaji ya Santiago iliandikisha karibu watu laki tano.

Siku moja ya kutembea ikoje hasa?

Nitawapa siku moja tu, ile ninayoikumbuka hatua kwa hatua: kutoka Nájera hadi Grañón, katika jimbo la La Rioja. Kilomita 27 na ushei, mwishoni mwa Septemba.

Niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikuamka kwa kupenda. Katika chumba cha vitanda vya ghorofa kama vya bweni la shule, mtu mmoja akianza kukunja mfuko wake wa nailoni, wote mmeamka. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nje, na Hispania Septemba saa hiyo ni giza totoro. Mbele yangu niliona tochi inakwenda. Nikaifuata kwa imani, mtaa hata mtaa, dakika ishirini nzima. Kumbe ni mzee wa mji anatembeza mbwa wake. Aliponigeukia hakucheka. Alinitazama miguuni, akaona viatu, akaona begi, akasema neno moja, "Camino?", yaani Njia, kisha akageuza mbwa na kunirudisha mpaka nyuma ya monasteri ya Santa María la Real, akagonga mshale wa njano kwa fimbo yake, akaenda zake. Huyo nilimhesabu kuwa mwenyeji wangu wa kwanza siku ile.

Kutoka Nájera njia inapanda kwenye magenge mekundu, kisha inashuka kwenye mashamba ya mizabibu. Udongo ni mwekundu kama wa Lushoto. Zabibu zilikuwa zimeiva, na matrekta ya wavunaji yalikuwa yameanza kupita. Baada ya kilomita kama sita kuna kijiji cha Azofra, na hapo mkahawa mmoja ulikuwa wazi. Kahawa ya maziwa na kipande cha tortilla, ambayo huku si chapati ya mahindi ila mayai yaliyokaangwa pamoja na viazi. Mtu wa Dar akiiona ataiita chipsi mayai iliyokwenda shule.

Kutoka Azofra hadi Cirueña ni zaidi ya kilomita tisa za kupanda polepole, bila kijiji wala bomba la maji, na kivuli cha kuhesabu. Mizabibu inaisha, mashamba ya ngano yanaanza. Msimu huo yalikuwa mabua matupu hadi upeo wa macho. Unapofika juu unapokewa na kiwanja cha gofu na mitaa ya nyumba mpya, nyingi zikiwa zimefungwa madirisha na kubandikwa vibao vya kuuzwa. Baada ya saa tatu za kutembea ukitamani ukuta wa kuegemea, ni kitu cha ajabu kupita katika mtaa mzima wa nyumba usio na wa kumbishia hodi. Nilikula zabibu kavu nimekaa kwenye ukingo wa barabara, nikaendelea.

Saa saba mchana nilikuwa Santo Domingo de la Calzada. Jua kali, maduka yanafungwa kwa mapumziko ya mchana, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kinapiga ngoma. Mwenye akili angelala hapo. Lakini nilikuwa nimesikia habari za Grañón, kilomita sita na kitu mbele, nikajaza chupa na kwenda. Kipande hicho kinafuata barabara kuu na malori yake, hakina uzuri wowote. Katikati pana msalaba wa ukumbusho wa wanaume wawili ambao, kwa mujibu wa masimulizi ya huko, walipigana kwa niaba ya vijiji vyao kugombea ardhi. Niliusoma kwa haraka. Miguu ikiuma historia haiingii.

Grañón mahujaji wanalazwa ndani ya jengo la kanisa la parokia, kwenye vyumba vilivyoshikana na mnara wa kengele. Unapanda ngazi nyembamba za mawe zinazozunguka, begi likikwaruza ukuta, na juu unakuta sebule yenye meko. Mwanamke wa makamo alinipa kiti kabla hajaniuliza jina. Halafu glasi ya maji. Halafu ndipo akauliza natoka wapi. Nilikaribia kulia, nawaambia kweli, kwa sababu huo ndio utaratibu wa bibi yangu: kiti, maji, kisha habari. Nilikuwa nimelala katika nyumba nane kabla ya hapo na kote walianza na pasipoti.

Vitanda hakuna. Unapewa godoro jembamba, unalitandika sakafuni, mmepangana kama samaki wa kukaushwa. Karibu na mlango kuna kisanduku kilichoachwa wazi chenye maneno ya kusema acha unachoweza, chukua unachohitaji. Nilikitazama kwa jicho la Mswahili nikajiuliza ni nani anakilinda. Hakuna anayekilinda.

Saa kumi na moja jioni tukaitwa jikoni. Kazi yangu ilikuwa viazi. Mkorea alikata vitunguu, Mbrazili na mkewe wakapanga meza, Mfaransa mmoja aliyejidai mgonjwa akapewa kazi ya kuhesabu vijiko. Tulikula kama watu arobaini meza moja ndefu: saladi, adesi, mkate, divai, tikiti. Vyombo tukaosha sisi wenyewe kwa mstari. Baada ya hapo wanaotaka waliingia kanisani kwa mlango wa ndani, kwenye jukwaa la wanakwaya, taa zikiwa zimezimwa. Mshumaa mmoja ulipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeushika alisema alichotaka kwa lugha yake, au alinyamaza. Ulipofika kwangu nilisema kwa Kiswahili. Hakuna aliyeelewa neno, na wala sitawaambia nilichosema.

Hao wenyeji, "hospitalero", ni watu gani?

Neno ni la Kihispania, na maana yake ni mtu anayewapokea mahujaji na kuihudumia nyumba yao. Nyumba yenyewe inaitwa "albergue", na wenye nyumba hizo wanatofautiana. Kuna za manispaa au serikali ya jimbo, ambako anayekupokea ni mtumishi wa mshahara. Kuna za watu binafsi, ambazo ni biashara kama gesti yoyote, na si aibu. Halafu kuna za parokia, za watawa na za vyama vya mahujaji, ambako mara nyingi mwenyeji ni mtu wa kujitolea aliyewahi kutembea njia hiyohiyo.

Nyumba za aina ya mwisho ndizo watu wanazozisimulia wakirudi. Lakini wengi wanakosea sababu. Wanadhani uzuri wake ni kwamba ni rahisi. Uzuri wake ni kwamba ndani yake huwezi kuwa mteja. Mteja analalamika kwamba maji ya moto yamekwisha. Mgeni anauliza kuni ziko wapi.

"Donativo" maana yake ni bure?

Hapana! Kama kuna jambo moja tu mtakalotoka nalo kwenye ukurasa huu, liwe hili.

Donativo maana yake ni mchango: hakuna bei, unaweka kwenye kisanduku unachoweza, hakuna anayekutazama. Nilipokuwa mwenyeji ndipo nilipoona hesabu kwa macho yangu. Asubuhi wageni wakishaondoka unafungua kisanduku, na kilichomo ndicho unachokwenda nacho sokoni. Chakula cha leo kimenunuliwa na waliolala jana; wewe unawanunulia watakaofika kesho, ambao hutawaona kamwe. Siku moja nilikuta sarafu tu, na kitufe cha shati. Watu thelathini na wawili walikuwa wamekula na kulala. Jioni ile tulikula tambi na vitunguu saumu, na wageni wa siku ile, waliokuwa hawajamkosea mtu, walisifia upishi.

Kipimo changu ni rahisi. Kitanda kwenye nyumba ya manispaa ni kama yuro 10, chakula cha jioni cha mahujaji mkahawani ni yuro 12 hadi 15. Kama unazo, weka kama unavyoweka huko. Kama huna, weka ulicho nacho na usijieleze. Nyumba hizi zimewekwa hasa kwa ajili ya asiye nacho, na anaharibiwa jina na mwenye nacho anayejifanya hana.

Gharama ya siku ni kiasi gani?

Mimi nilitumia kati ya yuro 35 na 45 kwa siku, nikipika mara chache na kunywa kahawa mara nyingi mno. Ukinunua mkate, jibini na matunda dukani utashuka chini ya hapo. Nauli ya ndege ndiyo itakayokuumiza. Njia yenyewe haina kiingilio.

Viza je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000, na hutakiwi kuzidisha siku 90 ndani ya siku 180. Tatizo la pekee kwa mtu wa njia hii ni kwamba wanataka uthibitisho wa malazi, na nyumba nyingi za mahujaji hazipokei oda. Andika ratiba ya siku kwa siku, kila mji na kilomita zake, kisha uweke oda za kweli kwenye nyumba binafsi zinazopokea. Usidanganye. Na uanze mapema kuliko unavyofikiri.

Naweza kukaa siku ngapi katika nyumba moja?

Usiku mmoja. Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Huku jembe unapewa jioni ileile, kama nilivyopewa viazi, na kesho yake saa mbili asubuhi mlango unafungwa nyuma yako. Ukiugua watakuacha upumzike. Ila uchovu si ugonjwa, wote wamechoka.

Ni kweli kuna kuku wanaofugwa kanisani?

Kweli kabisa. Santo Domingo de la Calzada, ndani ya kanisa kuu, juu ukutani, kuna tundu la mawe lililochongwa kwa ufundi katika karne ya 15, na ndani yake jogoo na kuku, hai, weupe. Wanabadilishwa mara kwa mara ili wasichoke na ibada.

Hadithi inasema familia ya Kijerumani, baba, mama na kijana wao, walilala hapo wakielekea Santiago. Binti wa mwenye nyumba ya wageni akampenda kijana, kijana akakataa, binti akaficha kikombe cha fedha kwenye mzigo wake na kumshitaki kwa wizi. Kijana akanyongwa. Wazazi waliporudi kutoka Santiago wakamkuta bado ananing'inia, lakini hai, maana mtakatifu alikuwa amemshikilia. Wakakimbia kwa hakimu, aliyekuwa mezani. Hakimu akasema mwanenu yu hai kama walivyo hai hawa kuku wa kuchoma niliowekewa. Kuku wakasimama sahanini, jogoo akawika.

Naipenda hadithi hii kwa sababu mwenye kosa ni mwenyeji. Njia nzima inasifia ukarimu, na hadithi yake maarufu kuliko zote inaonya kuhusu nyumba ya wageni. Waliotunga walikuwa wametembea.

Na huyo Domingo mwenyewe, mtakatifu ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliyezaliwa Viloria, kijiji kilicho mbele kidogo ya Grañón, mwaka 1019, alijaribu kuingia utawa katika monasteri mbili akakataliwa. Akaenda kuishi porini kando ya mto Oja, akaona mahujaji wanavyotaabika kwenye matope na mafuriko, akaanza kuwajengea: barabara ya mawe, daraja, kisha nyumba ya kuwalaza. Mji ukaota kuzunguka kazi yake. Alifariki mwaka 1109. Kwa hiyo mlezi wa wenyeji wa eneo lile ni mtu aliyefungiwa mlango mara mbili.

Mimi ni Mwislamu. Nitakuwa sawa?

Katika kutembea, ndiyo. Hakuna anayekuuliza dini mlangoni, na misa na sala za jioni ni za anayetaka. Nilitembea siku mbili na kaka mmoja wa Morocco aliyekuwa akiswali pembeni ya mashamba bila mtu kumsumbua.

Mambo mawili uyajue. La kwanza ni nguruwe. Yuko kila mahali, na ana hila: anajificha ndani ya adesi kama soseji ya chorizo, ndani ya maharage, ndani ya supu inayoitwa ya mboga. Usiulize kama kuna nyama, kwa sababu kwa wapishi wengi vipande vidogo vya nguruwe si nyama, ni kiungo. Sema "no como cerdo", yaani sili nguruwe, na useme mapema, kabla sufuria halijainjikwa. Mayai, samaki wa tuna, jibini na mkate havikosekani.

La pili ni picha. Katika makanisa kadhaa utaona sanamu ya Yakobo juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, na Waislamu wakianguka chini ya kwato. Inatokana na masimulizi ya vita vya Clavijo, si mbali na Logroño. Mimi Mkristo iliniudhi. Wewe usikutane nayo bila kujua.

Ukifika Santiago, cheti kiitwacho Compostela hupewa aliyetembea kwa nia ya dini au ya kiroho, angalau kilomita 100, akiwa na mihuri kwenye pasi yake ya hujaji, miwili kwa siku katika kilomita hizo. Mwenye nia nyingine hupewa cheti tofauti. Vyote ni karatasi nzuri.

Mtu mweusi anapokewaje?

Vijijini utatazamwa. Wazee watakuuliza unatoka wapi, ukisema Tanzania watasema "Kilimanjaro!" na mazungumzo yameanza. Mara mbili dukani nilifuatwa kwa macho mpaka nilipogeuka wakaona kombe la hujaji, lile gamba la baharini ambalo ni alama ya watu wa njia hii, limening'inia kwenye begi, na uso ukabadilika palepale. Hilo lilinikera kuliko kufuatwa kwenyewe. Vijana wa Senegali na Mali wanaofanya vibarua kwenye mizabibu ya jirani hawana kombe. Sina zaidi ya kusema juu yake, ila singependa mwende mkidhani ukarimu wa njia unamfikia kila mwenye miguu.

Mwanamke anaweza kwenda peke yake?

Anaweza, na wengi wanakwenda. Shangazi, mlinzi sikuwa naye. Chukua tahadhari za kawaida: usitangulie sana gizani, mwambie mtu unalala wapi, na penye mtu anayekukosesha raha ingia mkahawa wa kwanza na useme. Namba ya dharura ni 112.

Nibebe nini, na malengelenge je?

Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Nguo seti mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Koti la mvua. Mfuko mwepesi wa kulalia. Ndala za jioni. Vizibo vya masikio, ambavyo vina thamani ya dhahabu. Viatu viwe vimezoea mguu wako tangu nyumbani na vizidi saizi kidogo, kwa kuwa mguu unavimba. Ukisikia joto sehemu moja ya mguu, simama hapohapo ubandike plasta. Usiseme nitafika kwanza. Lengelenge la kidole changu lilianza kwa maneno hayo.

Kuna kampuni zinazosafirisha mabegi kwa gari kwa yuro chache. Nyumba nyingi za mchango hazipokei mzigo uliotangulia bila mwenyewe.

Kukoroma na kunguni?

Kukoroma kupo kila usiku, na hakuna dawa. Kunguni wapo mara mojamoja. Usiweke begi kitandani, kagua mishono ya godoro, na ukiumwa mwambie mwenyeji bila aibu, maana atakushukuru kuliko ukinyamaza ukawapeleka nyumba inayofuata.

Kwa hiyo wenyeji wote ni wema?

Hapana jamani. Katika nyumba moja nilifika nimelowa chapachapa dakika kumi kabla ya kufungua, na mwenyeji akanitazama kupitia kioo mpaka saa ikatimia. Kwingine nilipigiwa kelele kwa kuingia na viatu, mbele ya watu. Nilisema moyoni hawa wamekosa kazi.

Halafu nikawa mimi. Siku ya kumi na moja ya zamu yangu alifika bwana mmoja akaingia na viatu vya matope juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki mara ya pili, akiongea na simu, akaninyooshea pasi yake nigonge muhuri bila kunisalimia. Sauti iliyonitoka sikuijua. Dakika tano baadaye nilimpelekea maji na kumwomba radhi. Kumbe simuni alikuwa akiongea na hospitali kwao, baba yake amelazwa. Alikuwa hajaona sakafu wala mimi.

Naweza na mimi kwenda kuwa mwenyeji?

Ndiyo, ukiwa umeshatembea. Shirikisho la vyama vya mahujaji vya Hispania lina mpango wa wenyeji wa kujitolea: unahudhuria mafunzo ya siku chache, kisha unapangiwa nyumba kwa siku kumi na tano. Mshahara hakuna, nauli ni yako. Unaamka kabla ya wageni, unachemsha kahawa. Wakiondoka unafagia, unasafisha vyoo, unapanga magodoro, unakwenda dukani, unafungua mchana, unagonga mihuri, unapika. Vyoo ndivyo vingi katika hayo. Kihispania kidogo kinatakiwa; upishi wa sufuria kubwa, uliozoeleka kwenye shughuli zetu za harusi na misiba, ni sifa ambayo hawaiandiki kwenye fomu lakini wataishangilia.

Lugha inatosha Kiingereza?

Kwa mahujaji wenzako, ndiyo. Kwa bibi wa kijijini mwenye ufunguo wa nyumba, hapana. Jifunze kusalimia, kushukuru, kuomba maji na kuhesabu. "Buen Camino" utaisikia mara mia kwa siku. Ni heri ya njia, nawe irudishe.

Niwapelekee wenyeji zawadi gani kutoka nyumbani?

Usibebe vinyago, tafadhali. Utavibeba kilomita mia nne ukivilaani. Mimi mara ya pili nilichukua karafuu za Pemba, kiganja kimoja, ndani ya kichupa cha dawa kilichokwisha. Gramu chache tu. Katika kila nyumba iliyotupikia nilimpa mwenyeji tano au sita. Wengi walizinusa wakaziweka kando kwa heshima. Grañón, nilipopita tena, mwenyeji alikuwa mwingine, mzee mwembamba asiyesema sana. Alikitazama kichupa, akazimimina zote kwenye sufuria la adesi za watu arobaini bila kuniuliza, akafunika. Zilikuwa nyingi mno. Tulikula vivyo hivyo, na Mkorea mmoja akaomba kuongezewa.